Urefu wa Mpini

Masika yaingiapo nchi ya Wamarama, magharibi mwa Kenya, na udongo wa Butere uliokaushwa na jua la Januari na Februari ukaanza kulegea, kazi ya kutwa haianzi kwa mkono bali huanza kwa mgongo. Maana jua halijachomoza bado, na umande ungali juu ya majani, wanawake wamekwisha kuingia mashambani na majembe yao, wameinama tangu kiunoni, magoti yamenyooka na nyuso zimeelekea ardhi, nao watadumu katika hali hiyo saa mbili au tatu, wakisogea hatua moja moja kuufuata mstari wa mahindi na maharagwe, wasiinyooshe miili yao ila mara chache, tena kwa haya. Katika mashamba ya miwa yanayoelekea Mumias, ambako kiwanda cha sukari kilianza kusaga mwaka 1973, wakataji nao huinama kwa namna yao, kwa kuwa muwa hukatwa shinani, karibu kabisa na ardhi, pale sukari ilipo nyingi, na ujira wao hupimwa kwa tani zilizokatwa, si kwa saa zilizopita, hata kila pumziko huhesabiwa kuwa hasara. Kijana wa bodaboda anayetikiswa na barabara ya changarawe tangu alfajiri hata usiku, fundi cherehani aliyeketi barazani mwa duka, mwalimu aliyerundikiwa madaftari, na mwanafunzi wa bweni aliyekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, hao wote hawachimbi wala hawainui kitu kizito, na bado ukiwauliza habari za miili yao jioni watakujibu kwa kauli zinazofanana: huyu mgongo unamkata, yule kiuno kimemshika, na wa tatu atacheka kidogo na kusema ni uzee, ilhali hajatimiza miaka 40.

Maumivu ya mgongo hayana heshima ya maradhi makubwa. Hayaui, hayaambukizi, wala jirani haji kumtazama mgonjwa wake akiwa na sukari na majani ya chai. Mwenye kuumwa huendelea na kazi, na watu humwona anatembea, basi hudhani ni mzima. Walakini Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba mwaka 2020 waliougua maumivu ya kiuno na mgongo wa chini duniani walikuwa milioni 619, na kwamba huenda wakafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050, na kwamba katika mambo yote yanayowazuia binadamu wasitimize shughuli zao, hili ndilo lililo mbele. Adha iliyoenea kiasi hiki, tena isiyotajwa, yastahili kutazamwa kwa makini kuliko tulivyozoea, na mimi naona mahali pema pa kuitazama ni mahali kama Butere, ambapo watu wanaishi kwa migongo yao.

Mwenyezi Mungu ameujenga uti wa mgongo kwa pingili, 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha zile za chini zilizoungana zikawa mfupa wa sakramu na kifandugu. Kati ya pingili na pingili pana kibonge cha gegedu chenye kiini laini, ambacho madaktari hukiita diski, na ajabu ya kibonge hicho ni kwamba kwa mtu mzima takriban hakina mishipa ya damu ya kukilisha: hupata chakula chake kwa kufyonza maji mwili unapopumzika, na kuyatoa mwili unapolemewa, hata kila mtu huamka asubuhi akiwa mrefu kuliko alivyokuwa alipolala, kwa sentimita moja hivi au zaidi kidogo, na jioni akarudia kimo chake. Tabibu mmoja wa Uswidi, Alf Nachemson, katika miaka ya 1960 alithubutu kuingiza sindano ya kupimia ndani ya diski za watu walio hai, akaona kwamba mtu anaposimama wima shinikizo huwa la kadiri, na anapoinama mbele huku ameshika mzigo hupanda zaidi ya maradufu. Hayo yote mkulima anayajua kwa mwili wake pasipo sindano. Lakini liko jambo moja ambalo pengine hajapata kuambiwa, nalo ni la saa.

Kwa kuwa diski hulala usiku kucha zikifyonza maji, alfajiri huwa zimejaa na kutuna, na mgongo ulioinama katika saa hiyo hupata mkazo mkubwa kuliko ule ule ulioinama saa nne asubuhi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiuno waliofundishwa kujizuia wasiiname katika saa za kwanza baada ya kuamka walipungukiwa na siku za maumivu. Sasa fikiri: desturi yetu nzima ya kulima ni kuuwahi ubaridi wa alfajiri, na sababu yake ni njema, maana jua la mchana ni kali na mwili huchoka upesi; na hivyo tunaupa mgongo kazi iliyo ngumu kuliko zote katika saa ambayo hauko tayari. Sisemi watu waache kulima asubuhi. Nasema ya kwamba mwenye kuamka saa kumi na moja angeweza kutanguliza kazi za kutembea na kusimama, kama kuteka maji, kupeleka ng'ombe malishoni au kukata majani yao kwa kusimama, na kupalilia kukafuata baadaye kidogo. Na mabadiliko hayo hayana gharama ila kubishana na mazoea, ambayo, naam, ni gharama kubwa.

Mgonjwa anapokwisha kushindwa na kwenda kutafuta sababu, aghalabu hupewa sababu nyingi mno. Jirani humwambia ni figo. Mwingine humwambia ni baridi iliyoingia mifupani. Wa tatu hushusha sauti na kutaja jina la mtu. Hospitalini nako hupigwa picha, na picha huonyesha kwamba pingili zimesagika au diski imepungua, akarudi nyumbani na bahasha kubwa mkononi na moyo ulioanguka, akawa tangu siku ile haokoti hata kijiko kilichoanguka. Laiti angeambiwa na jambo la pili: kwamba waganga wa picha walipokusanya mwaka 2015 matokeo ya watu wasio na maumivu yoyote, waliona kuchakaa kwa diski kwa watu 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa watu 96 katika kila 100 wenye miaka 80. Picha haikusema uongo, ila haikuulizwa swali lililopasa. Katika kila wagonjwa 10 wa kiuno, 9 hivi hawana mfupa uliovunjika wala uvimbe wala mshipa uliobanwa unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Maumivu yao ni ya kweli kabisa, lakini hayana mahali pamoja pa kushtakiwa.

Yule wa kumi, hata hivyo, asidharauliwe. Mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, au kupungua mwili bila sababu, au maumivu yasiyomwacha hata akilala, aende kwa tabibu asichelewe, kwa kuwa kifua kikuu huingia pia katika pingili, kama Percivall Pott alivyoeleza huko London mwaka 1779, na nchi yetu haijaaga maradhi hayo. Na ugonjwa wa brusela, unaonywewa katika maziwa mabichi, hupenda sana kiuno. Na mtu ambaye miguu yake imepoteza nguvu, au amekufa ganzi katikati ya mapaja, au hawezi kuzuia haja yake, huyo asingojee hata kesho.

Kuhusu matibabu ya hao tisa, nitapita upesi, maana yaliyo ya hakika ni machache. Zamani tabibu alimwamuru mgonjwa alale kitandani majuma mawili, na mgonjwa akatii, akainuka dhaifu kuliko alivyolala. Mwaka 1986 waganga wa Marekani waliwalinganisha waliolazwa siku 2 na waliolazwa siku 7, wasione faida ya zile tano ila kupotea kwa siku za kazi. Na mwaka 1995 wenzao wa Finland waliona kwamba waliopona upesi kuliko wote ni wale walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza kuvumilia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno yaliyokawia waelekea huko huko: mazoezi, elimu, kuchuliwa, kutuliza hofu, na vidonge vya kupunguza uvimbe kwa tahadhari, maana hivyo huchoma tumbo na kupandisha shinikizo la damu; lakini mikanda ya kufunga kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni, yafaa ziachwe. Nafurahi kuona kwamba kuchua kumo katika orodha hiyo. Bibi zetu waliokanda kwa maji moto na mafuta hawakuwa wakirudisha pingili mahali pake, ingawa pengine walidhani hivyo. Walikuwa wakiulegeza msuli uliokaza kwa woga, na kumpa mgonjwa ujasiri wa kusimama kesho yake, na hilo halikuwa dogo.

Lakini tiba inayomrudisha mtu katika kazi ile ile iliyomuumiza, kwa chombo kile kile na kwa kadiri ile ile, ni tiba ya nusu. Hapa ndipo nataka kukaa.

Tuanze na ubebaji wa kichwani, kwa kuwa watu wa nje wameusifu sana. Mwaka 1986 wanachuoni waliokuwa pamoja na Geoffrey Maloiy wa Nairobi waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu wanaoibeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, wakaandika katika jarida la Nature kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo ufikao sehemu moja ya tano ya uzito wao pasipo kutumia nguvu yoyote zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Wajaluo ni jirani wa Wamarama, na mwendo wa mama anayetoka kisimani Butere ni ule ule: shingo imetulia, mabega hayayumbi, miguu yafanya kazi yote. Ni ustadi wa ajabu, na sifa zake ni haki. Ila sifa hiyo yaweza kugeuka mtego, kwa sababu kipimo kile kilikuwa cha pumzi na nguvu, hakikuwa cha pingili za shingo. Na mzigo wa kuni unaoonekana jioni katika njia za Butere haukomei sehemu moja ya tano. Aliyesifiwa kwa kubeba vizuri huongezewa mzigo.

Mume wa mama huyo, akiwa hamali sokoni, naye ana mzigo wake, na ili kuupima yafaa kwanza tutazame nyuma. Mumias, makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda. Msafiri Joseph Thomson alifika nchi hiyo mwaka 1883, na Waswahili walikuwa wameifikia kabla yake, wakaacha nyuma yao dini na lugha ambazo zingalipo hata leo. Mzigo wa desturi wa mpagazi katika misafara ile ulikuwa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, ambazo ni kilo 32 kwa hesabu ya sasa. Sitaki kuisafisha misafara hiyo, ambayo ilikuwa na dhuluma za kutosha; nataka tu kuweka tarakimu hiyo kando ya nyingine. Gunia la mahindi katika soko la Kenya huhesabiwa kilo 90. Hamali anayelishusha kutoka kwenye lori hulipokea mabegani au mgongoni, hutembea nalo juu ya ubao unaonesanesa, hulitupa, hurudi, na malipo yake ni kwa gunia. Njia yake ni fupi kuliko ya mpagazi, ni kweli. Lakini mfanyabiashara wa karne ya 19, ambaye hakujulikana kwa huruma, hakuthubutu kumtwisha mtu mmoja mizigo karibu mitatu, kwa kuwa alijua angempoteza njiani.

Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba palipo na mizigo inayozidi kilo 55 kwa mwanamume mzima, hatua zichukuliwe upesi kuipunguza. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo humkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Lakini hamali wa sokoni hana mwajiri, ana wateja. Asubuhi yuko kwa huyu, adhuhuri kwa yule, na wote kwa pamoja wameukunja mgongo wake, na hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa mbele ya hakimu. Dawa ya jambo hili haiko katika kumfundisha hamali namna bora ya kuinua, kama vijitabu vinavyopenda kufundisha, kwamba apige magoti, aushike mzigo karibu na mwili, asijipinde. Yafaa ayajue, ila hakuna namna bora ya kuinua kilo 90. Dawa ni kulipunguza gunia. Hilo limewezekana kwa viazi, ambavyo kanuni za mwaka 2019 ziliweka mwisho wa gunia lake kuwa kilo 50, ingawa madalali wangali wakizikwepa, na sukari nayo husafiri katika magunia ya kilo 50 tangu zamani bila mtu kufilisika. Mahindi yana utukufu gani hata yasiguswe?

Nikirudi shambani, naona jambo hilo hilo katika umbo dogo zaidi. Jembe la kulimia, ambalo mwanamume hulishika mwanzo wa msimu, lina mpini wa kadiri. Jembe la kupalilia, ambalo huachiwa mwanamke na watoto, aghalabu ni jembe kuukuu lililolika, limetiwa mpini uliokatika ukachongwa upya, na kwa kila kuchongwa ukazidi kuwa mfupi. Na kwa kila kidole kimoja cha mti kinachopotea, kiuno hushuka kwa kiasi hicho hicho. Huko California, nchini Marekani, wakulima wenye mashamba makubwa ya saladi na viazisukari waliwapa vibarua wao, walio wengi watu wa asili ya Mexico, majembe yenye mpini wa futi moja au mbili, nao vibarua waliuita mfupi. Wenye mashamba walisema kwamba mpini mrefu utaharibu mimea michanga, na kwamba kazi haitakuwa safi. Mawakili wa maskini wakaleta matabibu watoe ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, na mwaka 1975, baada ya Mahakama ya Juu ya jimbo kutoa hukumu, jembe lile likapigwa marufuku. Mashamba hayakufa, saladi ikaendelea kufika sokoni kama kwanza.

Lililonigusa mimi katika kesi ile ni sababu nyingine, ambayo haikusemwa kwa sauti kubwa: mnyapara alilipenda jembe fupi kwa kuwa, akisimama mwisho wa shamba, aliweza kumjua kwa jicho moja aliyeacha kazi. Aliyesimama wima alikuwa anapumzika. Na aliyepumzika alikuwa mvivu.

Butere haina mnyapara shambani, wala haina haja naye. Mwanamke anayenyoosha mgongo katikati ya mstari, akashika kiuno kwa mikono miwili na kutazama mbali, anajua nani anapita barabarani, na anajua mavyaa yake atasema nini jioni. Ile haya niliyoitaja mwanzo ndiyo mnyapara wake. Kwa hiyo hunyooka kwa wizi, nusu nusu, akajiinamia tena kabla msuli haujapata damu yake. Na kule kunyooka, ambako kungekuwa tiba yake, akakuona yeye mwenyewe kuwa kosa.

Akitoka shambani, nyumba nayo yamngoja chini. Moto u juu ya mafiga matatu, na mafiga yako sakafuni. Ufagio hauna mpini. Beseni la nguo liko kwenye majani. Mtoto yuko chini, na akiinuliwa ni mgongoni. Nimewahi kuusikia msemo wa wazee kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame ukitumiwa kuyahalalisha haya yote, na mimi sina ugomvi na wazee, ila nauliza ni nani aliyeviweka vitu vyote mvunguni. Jiko likiinuliwa kwa udongo na matofali hata likafika kimo cha kiuno, chakula kitaiva vile vile. Beseni laweza kukaa juu ya kigogo. Ufagio ukifungwa kwenye fimbo ni ufagio bado.

Haitupasi kudanganyana kwamba mpini mrefu utaponya kila kitu. Palipopandwa maharagwe katikati ya mahindi, karibu na shina, jicho na mkono lazima vishuke, na jembe fupi hapo ni bora. Na mwenye kusimama kutwa akipalilia kwa mpini mrefu ataumwa vilevile, ila mahali pengine, kwa kuwa mwili huchukia kudumu katika hali moja, iwe ya kuinama, ya kuketi au ya kusimama. Linalotakiwa ni kubadili: mstari huu kwa jembe refu, ule kwa fupi, kisha kutembea kidogo, kisha kurudi, na kubadilishana pia baina ya watu, maana sijaona aya wala hadithi iliyosema kwamba kupalilia ni kwa wanawake, nayo migongo ya wanaume wanaoketi kwenye mabenchi ya stesheni ya Butere tangu saa tatu asubuhi ingefaidika sana na saa moja ya jembe.

Ama mpini wenyewe ni mti tu, na wachongaji wako sokoni. Kipimo chake hakihitaji fundi: jembe lisimamishwe chini kando ya mwenye kulitumia, na mpini ufike kifuani pake yeye, si kifuani pa mnunuzi. Kwa sababu hiyo ni afadhali aende sokoni mwenyewe, apewe fedha mkononi, ajaribu mmoja, aujaribu na wa pili, auinamie, anyooke, na muuzaji angoje.